Mnyama mpya si bembea mpya

Kila bustani kubwa ya burudani yenye wanyama hai huulizwa swali lile lile na wapenzi wake: mwakani mnatuletea mnyama gani? Wapo wanaotaka panda, wapo wanaotaka chui, wapo wanaotaka chochote ambacho bustani jirani haina. Jibu letu ni fupi: asiletwe yeyote, mpaka anayetaka kumleta athibitishe kwamba mnyama mwenyewe atanufaika. Mauzo ya tiketi si uthibitisho.

Tuchukue bustani inayotuhusu hata kwa jina. Disney's Animal Kingdom, iliyofunguliwa Florida, Marekani, Aprili 1998, ina kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe. Kuta zake zimechakazwa kwa makusudi zionekane za kale, mabango yake yana maneno ya Kiswahili, na ziara yake kuu inaitwa Kilimanjaro Safaris. Wageni hupanda lori la wazi wakapita karibu na twiga, viboko, tembo na simba, na mibuyu wanayoiona njiani imejengwa kwa zege. Kazi ni nzuri kiasi kwamba mgeni hasahau kupiga picha, ila husahau kuuliza wanyama hawa wanalala wapi. Wanalala mabandani, nyuma ya mandhari, na huko ndiko nafasi ya kweli ya bustani hupimwa.

Mbuga inayoonekana kutoka kwenye lori inaweza kuwa pana, na banda likawa limejaa. Banda ndilo linalohitajika usiku, wakati wa kimbunga, mnyama anapougua, anapozaa, au anapogombana na mwenzake. Spishi mpya hailali na ile ya zamani. Inataka vyumba vyake, lishe yake, walezi wanaoijua tabia yake na daktari anayejua kuitibu, bila kusahau eneo la karantini la kukaa siku za mwanzo. Msimamizi akisema "tuna nafasi", aulizwe nafasi ya wapi.

Tena, mnyama mgeni yuko hatarini hasa siku anapoingia. Katika miezi ya matayarisho ya bustani hiyo hiyo ya Florida, watoto wanne wa duma walikufa kwa sumu ya kemikali, na korongo taji wawili wakagongwa na magari ya ziara. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilichunguza na haikukuta uvunjaji wa sheria. Hilo ndilo la kutafakari: hata tajiri mwenye wataalamu, aliyefuata sheria, alizika wanyama kabla ya kukata tiketi ya kwanza.

Wanaotetea spishi mpya husema kila mnyama anayeongezwa humfundisha mgeni jambo. Si lazima. Ziara ya Kilimanjaro Safaris ilikuwa na kisa cha majangili na mtoto wa tembo wa kuokolewa. Mwaka 2012 kisa hicho kiliondolewa, na mahali pake wakawekwa pundamilia. Pundamilia wanapendeza, hatukatai. Lakini mgeni aliongezewa mnyama wa kutazama, akapunguziwa sababu ya kumjali.

Hoja kubwa zaidi ni ya umri. Bembea ikichosha watu hufunguliwa nati ikauzwa chuma chakavu. Mnyama hawezi kufanyiwa hivyo. Tembo anaweza kuishi miaka 60, muda ambao kampuni hubadili wakurugenzi mara kadhaa na watoto waliomshangilia hugeuka babu na bibi. SeaWorld, kampuni ya Marekani ya bustani za wanyama wa baharini, ililijua hilo kwa gharama kubwa. Orka (nyangumi muuaji) wao, Tilikum, alikamatwa akiwa mdogo katika bahari ya Iceland mwaka 1983. Februari 2010, huko Orlando, alimuua mkufunzi wake. Filamu ya Blackfish ya mwaka 2013 ikaufikisha mjadala kila nyumba, na Machi 2016 kampuni ikatangaza kuacha kuwazalisha orka. Tilikum alikufa Januari 2017, lakini wenzake wapo, na watalishwa na kutibiwa kwa miaka mingi baada ya uamuzi ule. Kuingiza ni saini ya siku moja. Kutoa huchukua kizazi.

Na biashara haikufa. Mwaka 2023 bustani yenye jina la kampuni hiyo hiyo ilifunguliwa Abu Dhabi, ya kwanza nje ya Marekani, bila orka hata mmoja. Anayesema watu hawaji bila mnyama mkubwa mpya amejibiwa na wenye biashara wenyewe.

Upande wa pili una hoja yenye uzito, na haki ni kuisema. Uganda ilibaki bila faru wa porini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hifadhi ya Ziwa, kaskazini mwa Kampala, ilipoanza kuwarudisha, faru weupe wanne walitoka Solio, Kenya, na mwaka 2006 wakaongezwa wawili kutoka Disney's Animal Kingdom. Mmoja wao, Nande, alizaa mwaka 2009. Baba wa ndama alikuwa wa Kenya na mama wa Marekani, basi wakamwita Obama. Hapo bustani ya burudani ilifanya kazi ya maana.

Na mwezi Juni 2012 wanamgambo walipovamia kituo cha Epulu, katika msitu wa Ituri nchini Kongo, waliua watu na okapi wote 14 waliokuwa wakifugwa pale. Okapi haishi porini popote duniani isipokuwa Kongo. Siku kama hiyo, mtu anaelewa kwa nini okapi walioko bustani za mbali ni akiba yenye thamani.

Lakini tazameni ni wanyama gani hupewa nafasi. Chura wa Kihansi hafiki sentimita 3. Bwawa la umeme lilipochukua maji ya maporomoko yaliyomnyunyizia, takriban vyura 500 walipelekwa Marekani mwaka 2000. Bustani za wanyama za Bronx na Toledo ziliwalea kwenye vyombo vya kioo, wakati porini walitangazwa kutoweka mwaka 2009. Mwaka 2012 walirudishwa korongoni kwao, Tanzania, ambako mabomba yamewekwa kuwanyunyizia maji. Hakuna bustani ya burudani ambayo ingejenga tangazo la likizo juu ya chura huyo. Mhenga alisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye bustani hizi mgeni huitwa ili hesabu za mwenyeji zipone. Wanyama wanaohitaji hifadhi zaidi mara nyingi ndio wasiouza tiketi.

Kwa hiyo tunapendekeza masharti matatu, yatimizwe kabla mnyama hajapanda ndege. Kwanza, wakaguzi wasiolipwa na bustani wathibitishe kwamba waliopo wana mabanda na walezi wa kutosha. Nafasi ikipatikana kwa kuwa mnyama mzee amekufa, wapewe kwanza wenzake waliobaki. Pili, asiingizwe mnyama aliyekamatwa porini, isipokuwa ni uokoaji ulioombwa na nchi anakotoka, kama ule wa Kihansi. Tatu, bustani iweke hadharani fedha za maisha yake yote pamoja na mpango wa spishi yake: watoto wake watakwenda wapi, nani atawapokea, na porini kwao kunatengenezwa nini wakati wakisubiri. Atakayeshindwa kujibu hayo akajenge treni ya kasi. Watoto wataifurahia, na hakuna atakayeteseka.

Sharti la pili linatugusa sisi moja kwa moja, maana spishi nyingi zinazotamaniwa zinatoka kwetu. Mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika mwaka 2019 mjini Geneva, ulibana sana usafirishaji wa tembo hai wa Afrika kwenda kufugwa mbali na asili yao, baada ya Zimbabwe kuuza tembo wadogo zaidi ya 100 China tangu mwaka 2012. Tanzania nayo haijasahau Novemba 2010, pale wanyama hai zaidi ya 100, wakiwemo twiga wanne, walipopakiwa kwenye ndege ya kijeshi katika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) wakapelekwa Qatar. Mei 2016 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Juni 2022 ikatangazwa kwamba dirisha litafunguliwa tena kwa muda. Wananchi wakapiga kelele, na mara moja wizara husika ikasitisha.

Wizara ilifanya vyema kusikiliza. Sasa iende mbele zaidi: zuio lisitegemee kelele za wiki moja wala moyo wa waziri aliyepo, liandikwe kwenye sheria. Nairobi, Kampala na Kinshasa nazo ziweke msimamo huo huo, ili mnunuzi aliyefungiwa mlango mmoja asiingilie wa jirani. Bustani za ng'ambo zinazotaka twiga, okapi au faru wetu ziambiwe wazi kwamba hatuuzi wanyama wa maonyesho. Zikitaka kusaidia, zifanye kama ilivyofanyika kwa Nande: zilete.