Mbiti, wakati ujao na mifongo yetu

Ndugu mwandishi, ahsante kwa makala yako ya kumkumbuka John Mbiti, mwanafalsafa wa Kenya. Safari yake umeieleza vizuri: kuzaliwa Kitui 1931, udaktari wa Cambridge 1963, kisha miaka kumi ya kufundisha Makerere. Ila hoja yake nzito kuliko zote, ile ya wakati, umeipita mbio. Katika kitabu chake cha 1969 alidai kwamba kwa Mwafrika wa jadi kuna Zamani na Sasa. Ujao wa mbali haupo, kwani hakuna tukio lililokwisha kutokea humo. Alitegemea sana vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga kwa ushahidi wa Waakan.

Mimi nampinga kwa mifongo, mifereji ya maji ya Wachaga. Wazee wa Uchagani walichimba mifereji ile tangu msituni, wakikata miamba na kuvuka makorongo, ili maji yafike kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo, watakavyorithi wajukuu ambao hawajazaliwa. Asiyeufikiri ujao wa mbali hachimbi hivyo.

Bado namheshimu sana, maana swali zito la metafizikia alilibebesha maneno ya Kiswahili, Zamani na Sasa. Wanafunzi wa falsafa wa seminari ya Kibosho, mjibuni Mbiti, na mmjibu kwa Kiswahili.