Kamba Moja Inatumaliza, Sisi Tunahubiri Injini

Leo nimeamua kulivalia njuga jambo ambalo wasomi wenzangu hamlitaki: tanga. Ndiyo, lile tambara mnalolipiga picha jioni pale Capri Point halafu mnarudi zenu mjini.

Mimi ni mtoto wa Kisesa. Ziwa halionekani kutoka nyumbani, lakini barabara ya Kayenze inaanzia kwetu, na wajomba zangu walivua huko. Siku moja nikiwa sekondari nilipanda mtumbwi wa mjomba. Upepo ukatupiga ghafla, mtumbwi ukalala ubavu. Kamba ya tanga, ile watu wa pwani wanayoiita demani, ilikuwa imefungwa kwenye ubao wa kukalia. Fundo limelowa, juu yake magunia ya mihogo. "Mjomba, kisu!" akanipigia kelele. Nikampa, akakata, tanga likapepea, mtumbwi ukasimama.

Je, kama kisu kingekuwa chini ya magunia? Nisingekuwa naandika hapa.

Sasa nielezeni. Kila nahodha anajua kwamba upepo ukizidi, dawa ni kuachia kamba. Tanga likikosa wa kulishika, halina nguvu ya kupindua kitu. Kwa nini basi tunaifunga? Kwa sababu haina njia! Tumeongeza magunia, tumeongeza abiria, tumebandika injini nyuma pale pale alipokaa mshika kamba. Kamba ikahamishiwa popote penye nafasi, ikapigwa fundo.

Waangalieni wenye boti za mchezo. Tanga lao lina mti chini yake. Mtu akitaka kufunga chuma kigumu cha kuuzuia mti huo usinyanyuke, swali la kwanza ni: kamba itapita wapi? Chuma kikiziba njia, kamba inahamishwa kwanza. Wao wanashindana kupata kikombe. Sisi tumebeba mama zetu, na swali hilo hatuulizi!

Mtasema: "Wekeni injini, tanga ni ushamba." Petroli mtanunua ninyi? Na ikiisha katikati ya ziwa, tanga hilo hilo la ushamba ndilo litakalowarudisha. Tena dhoruba za Ziwa Victoria hupenda usiku, wakati wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao. Fundo lililolowa, gizani, mnalifungua vipi?

Tunayoyataka si makubwa. Kapi moja nyuma, juu ya mzigo. Kamba ipite humo, izungushwe mara moja kwenye kigingi ili isichoshe mkono, na ncha yake ibaki mkononi mwa mtu. Bila fundo. Fundi wa mitumbwi anaweza kuifanya kabla ya chai ya saa nne. Na mkaguzi akishuka mwaloni, asiishie kwenye majaketi ya kuokolea. Aulize na kamba.

MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, taifa lililia. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu 228 walikufa na tukalia tena. Wanaokufa wawili wawili kwa sababu ya fundo hawapati hata mstari mmoja gazetini. Na mimi mwandishi ninajihesabu katika lawama hiyo.

Naomba kuwasilisha.