Usingoje tumbo lionekane ndipo uende kliniki

AKINA mama wengi humu nchini huanza kufikiria habari ya kliniki wakati ambapo mtaa mzima umekwisha kujua siri yao. Tumbo limejitokeza, miezi mitano au sita imepita, ndipo mama anamwambia bwanake amtafutie nauli. Wengine huogopa macho ya watu, kwamba mimba ikijulikana mapema itaharibika. Wengine wanahofia foleni. Na wale waliokwisha kuzaa mara mbili tatu hujiambia kwamba mimba si ugonjwa.

Ni kweli, mimba si ugonjwa. Lakini magonjwa yanayoweza kumuua mama au mtoto wakati huo aghalabu huja kimya kimya, na huwezi kuyajua kwa kujitazama kwenye kioo.

Utafiti wa serikali kuhusu idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 98 ya akina mama walihudumiwa na mtaalamu wa afya walipokuwa waja wazito. Lakini waliofika mara nne au zaidi walikuwa asilimia 66 pekee. Shirika la Afya Duniani nalo lilishauri mwaka 2016 kwamba mja mzito aonwe mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kwisha. Kwa hivyo shida yetu si kwamba hatuendi. Tunakwenda tukiwa tumechelewa, kisha tunaacha.

Siku ya kwanza, kula kiamsha kinywa chako na uende asubuhi. Sista atakuuliza siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Usikisie, kwani hesabu yote itategemea tarehe hiyo. Huongezwa siku saba, kisha miezi tisa. Kama ulianza tarehe 10 Januari, mtoto anatarajiwa karibu na 17 Oktoba. Mtoto hana kalenda, bila shaka, na anaweza kutangulia au kuchelewa siku kadhaa. Lakini bila tarehe hiyo muuguzi hawezi kujua kama mtoto anakua inavyostahili.

Kisha utatolewa damu. Usishtuke, kwani damu hiyo kidogo hupimwa mambo mengi: kiasi cha damu mwilini, kundi la damu, kaswende, virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B. Kaswende, kwa mfano, inaweza kukaa mwilini bila kipele wala maumivu, na huku inaweza kumuua mtoto tumboni. Tiba yake ni sindano ya penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Bwana naye sharti atibiwe, la sivyo atakurudishia. Mama atakayepatikana na virusi vya Ukimwi huanzishiwa dawa mara moja, na akizimeza kila siku bila kukosa, uwezekano wa mtoto kuambukizwa hupungua sana. Anayejitokeza mwezi wa nane amejinyima miezi mingi ya kinga hiyo.

Ziara zinazofuata huwa fupi, na hapo ndipo wengi huona wanapoteza wakati. Unapimwa presha, unaombwa mkojo, unapimwa tumbo kwa utepe, na mkunga anatega sikio kwenye kile kifaa kinachofanana na tarumbeta ndogo ili asikie moyo wa mtoto. Dakika chache tu baada ya saa tatu za kungoja benchini! Mama anarudi nyumbani akinung'unika kwamba hakufanyiwa lolote.

Amefanyiwa, tena jambo kubwa. Kuna maradhi yanayotangulia kifafa cha mimba, na aghalabu huanza baada ya wiki ya 20. Presha hupanda na protini huanza kuonekana katika mkojo, hali mama mwenyewe anapika, anafua na kwenda sokoni kama kawaida. Ndiyo sababu mkojo huombwa kila mara. Uliza, "Sista, presha yangu ni ngapi leo?" Ikifika 140 kwa 90 au kuzidi, usikubali kurudi nyumbani kabla hujaelezwa litakalofanywa.

Watakuwako wa kukwambia kwamba kila mja mzito huvimba. Miguu, ndiyo, hasa jioni baada ya kusimama kutwa. Lakini uso ukivimba, pete ikakataa kutoka kidoleni, kichwa kikauma bila kupoa, macho yakaona vimulimuli, au ukapata maumivu makali chini ya mbavu, usingoje tarehe iliyoandikwa. Nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Hali kadhalika ukitokwa na damu, maji yakivunjika, ukishikwa na homa, au mtoto akipunguza kucheza.

Tembe za kuongeza damu nazo huishia chini ya godoro katika nyumba nyingi. Akina mama husema zinachafua tumbo na kufanya choo kuwa cheusi. Weusi huo si hatari. Zimeze kwa maji au pamoja na chungwa, wala si kwa chai, maana chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Na wewe unayetafuna odowa kutwa nzima, mwambie sista bila haya. Hamu hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu.

Walioko Pwani, Nyanza na Magharibi, ambako malaria imekita mizizi, hupewa pia tembe za SP kila mwezi kuanzia wiki ya 13. Anayemeza Septrin hapaswi kupewa tembe hizo, kwa hivyo aseme mapema.

Je, mkunga wa kienyeji? Wengi ni watu wa heshima, na siku hizi baadhi yao ndio huwasindikiza akina mama hospitalini. Lakini mikono yake, hata iwe na ujuzi gani, haiwezi kupima presha wala kaswende. Na asikukande tumbo kwa nguvu kujaribu kumgeuza mtoto.

Sitawatetea wauguzi wanaowafokea akina mama. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inakupa haki ya huduma ya afya, ikiwemo ya uzazi. Ukitukanwa, mtafute msimamizi wa kliniki au uhamie nyingine, lakini usikae nyumbani.

Kile kijitabu cha Mama na Mtoto usikiache kwa mama mkwe mashambani. Kiweke pamoja na leso, pamba na nguo za mtoto. Mkubaliane na bwanako mapema ni gari la nani litakaloitwa usiku, na nani atabaki na watoto. Na kwa kuwa SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, jiandikishe, kisha uulize katika hospitali utakayojifungulia ni gharama gani italipa na ni zipi utatoa mfukoni, kabla uchungu haujaanza.