Bonasi ya Chai na Keja za Mabati Kericho: Piga Hesabu Kwanza
Kila Oktoba bonasi ya KTDA ikiingia, wasee kutoka Litein mpaka Mogogosiek huanza kuulizia bei ya mabati. Plani ni ileile: vyumba kumi nyuma ya boma, 2,000 kwa mwezi kila kimoja, umeomoka. Hiyo ni 240,000 kwa mwaka, na kwa sababu haifiki 288,000, ule ushuru wa KRA wa nyumba za kupangisha haukufikii. Ongeza vifike kumi na vinne, vyote vikiwa na watu, na unalipa asilimia 7.5 ya rent yote unayopokea, hata kama mwezi huo choo kimejaa. Ni 2,100 kila mwezi. Yaani chumba kimoja umejengea serikali, na chenji juu.

Sasa jiulize, nani ataingia hizo keja? Mchuma chai wa kampuni kubwa alikuwa analala kwa nyumba za kampuni. Mashine zikaja, kazi zikapungua, watu wakakasirika mpaka Mei 2023 zingine zikachomwa. Na ukipoteza kazi kule, umepoteza na pa kulala. Huyo ndiye anakuja kukuulizia chumba, na hana payslip. Utamfungia mlango na kufuli tarehe tano?

Karibu na Chuo Kikuu cha Kabianga wapangaji wapo, ila HELB ikichelewa, na wewe umechelewa. Mimi ningeanza na vyumba vinne, bila loan.