NANGA YA KARAGWE IPEWE JUKWAA

Kila ufikapo mwezi wa Februari, Unguja hupokea wageni wa Tamasha la Sauti za Busara. Tangu lilipofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2004, tamasha hili limeshika sharti moja ambalo tunalisifu: mwanamuziki apandaye jukwaani hana budi kupiga na kuimba mwenyewe papo hapo, si kufungulia kanda na kutikisa midomo. Mitaani nako beni na ngoma hupita katika maandamano ya ufunguzi, na wachoraji wa Mji Mkongwe hutundika kazi zao vichochoroni, hata mwananchi asiye na kiingilio naye hupata fungu lake.

Leo twapenda kusema juu ya chombo kimoja kinachotimiza sharti hilo kuliko vingi vinavyopandishwa jukwaani, nacho ni nanga ya Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Ni ubao uliochongwa na kufukuliwa mfano wa chano kirefu, ukatandikwa uzi mmoja unaokwenda na kurudi hata ukawa nyuzi saba au nane. Mpigaji huulaza mapajani, akaimba habari za wafalme, za mashujaa na za misiba ya watu. Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba wataukumbuka hapo kanuni wa taarabu, ambao nao hulazwa magotini.

Chombo hiki si cha jana. Mwingereza Speke, aliyefika katika baraza la Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwezi Novemba 1861, alikitaja katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mitambo yake akanasa sauti za wapiga nanga wa Kihaya. Hazina hiyo imehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki ya Chuo Kikuu cha Rhodes. Profesa M. M. Mulokozi naye alizifanyia tendi za nanga utafiti mkubwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1980. Kwa hiyo wataalamu wametimiza sehemu yao. Lakini utenzi uliomo katika tasnifu haufundishi vidole vya kijana kugusa uzi.

Hapo ndipo Visiwa vilipotutangulia. Mwaka 2002 kilianzishwa mjini Unguja Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, na vijana wakapata mahali pa kujifunza kanuni, udi na fidla kutoka kwa wazee waliokuwa bado hai. Mpiga nanga wa Karagwe hana chuo cha namna hiyo. Akifariki, nyimbo alizozihifadhi kichwani humfuata kaburini. Wala asije mtu akasema kwamba lugha ni kikwazo. Saida Karoli alipoimba Kihaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, nchi nzima ilicheza, na wengi wetu hatukuelewa hata nusu ya maneno.

Rai yetu kwa Halmashauri za Karagwe na Kyerwa, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, ni kwamba zishirikiane kuwa na tamasha lao la kila mwaka, siku chache tu, baada ya mavuno ya kahawa, wakati mkulima ana senti mfukoni. Mwaka mmoja liwe Kayanga, mwaka wa pili liwe Rubwera. Kuta za masoko wapewe mafundi wale wale waandikao mabango ya maduka, wachore kwa rangi mambo ya kwao. Hao ni wasanii, ingawa hakuna ofisi inayowaita hivyo.

Fedha zitoke wapi? Swali hili lisipuuzwe, kwani ndilo lililolilaza Sauti za Busara mwaka 2016, tamasha lisifanyike kwa kukosa wafadhili, hadi liliporejea mwaka 2017. Ikiwa tamasha lenye jina kubwa kiasi hicho laweza kusimama kwa sababu mfadhili amefunga mkoba, basi lile la Kayanga lisianze kwa kumtazama mfadhili. Ushirika wa kahawa wa KDCU uombwe mchango. Halmashauri nazo zitenge fungu dogo katika bajeti. Tunafahamu ipo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Lakini mkopo hudai marejesho, na mzee mwenye nanga hana duka. Tusimtwishe deni.

Kwa ndugu zetu wa Visiwani, ombi letu ni moja. Mpiga nanga atakapoomba nafasi Unguja, asiwekwe saa kumi za jioni uwanja ukiwa mtupu, wala asipewe dakika tano kama kionjo cha utalii. Utenzi wa nanga huhitaji muda, na watu waliozoea kusikiliza taarabu usiku kucha wanaufahamu muda huo.

Maombi ya wasanii hupokelewa miezi mingi kabla ya Februari. Maofisa utamaduni wa wilaya hizi mbili waanze sasa kuandika orodha: nani bado anapiga nanga, yuko kijiji gani, na ana mwanafunzi au hana.