Nyati Hafi kwa Upana wa Mtutu

Kuna imani ambayo ukiitaja popote kati ya Mpanda na Karema hutampata wa kuibisha: risasi ikiwa nene, mnyama ataanguka tu, impate begani, tumboni au pajani. Wazee waliowahi kubeba mizigo ya wawindaji wanaisema. Vijana waliolelewa na filamu za kauboi wanaisema. Wageni wanaolipa maelfu ya dola kuwinda kwenye vitalu vya magharibi mwa nchi yetu wanakuja nayo kutoka makwao. Ni imani ya uongo. Na gharama yake hailipwi na anayeiamini. Wanaoilipa ni watu wa vijiji kama Kapalamsenga, wanaokwenda shambani alfajiri bila kujua mnyama aliyejeruhiwa jana amelala kwenye kichaka gani.

Bunduki inayopendwa mno na wenye imani hii ni ile ya Kimarekani ya wenzo, yenye mkono wa chuma chini ya shingo ya kitako, ambao mpigaji huusukuma mbele na kuurudisha ili kukoki. Ni silaha nzuri kuitazama, nyepesi kubeba, na inakokika haraka. Risasi yake maarufu, .45-70, ilianza kutumiwa na jeshi la Marekani mwaka 1873, enzi za baruti nyeusi. Kichwa chake kina upana wa karibu milimita 12. Mtu akikiweka kiganjani pembeni ya kile cha .375 Holland & Holland, risasi ya Kiingereza ya mwaka 1912 yenye upana wa milimita 9.5, anakimbilia kuchagua kile kinene. Jicho limemdanganya. Kwa vipimo vyake vya asili, ile nene hutoka mtutuni ikiwa na gramu 26 kwa mwendo wa takriban mita 400 kwa sekunde. Ile nyembamba ina gramu 19, lakini inakwenda mita 770 kwa sekunde, na nguvu yake ni zaidi ya mara mbili na nusu ya mwenzake. Tena kwa kuwa ni nyembamba na ndefu, inazama.

Kuzama ndiko kunakoua. Moyo wa nyati uko chini zaidi na mbele zaidi kuliko wengi wanavyodhani, katikati ya miguu ya mbele, kwenye theluthi ya chini ya kifua. Ili risasi iufikie, ipite kwanza tope lililokaukia mwilini, kisha ngozi nene, msuli wa bega, mara nyingi mfupa wa bega wenyewe, halafu mbavu pana zilizosogeleana. Risasi pana inayokwenda polepole, ikiwa kichwa chake ni cha madini laini, hutanuka njiani na kuishia nyamani. Nyati anashtuka, anageuka, anaondoka na jeraha kubwa ambalo halikugusa chochote cha kumwua.

Bunduki nyingi za wenzo zina tatizo jingine. Risasi zake hukaa foleni ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, ncha ya moja ikiegemea fataki ya iliyo mbele yake. Ndiyo maana vichwa vyake hutengenezwa butu, kwani chenye ncha kali kinaweza kulipua risasi ya jirani humo humo bombani. Sikatai kwamba nyati wameuawa kwa bunduki hizi. Wameuawa, kwa vichwa vigumu visivyotanuka, karibu, na watu walioweka risasi mahali pake. Unene haukuwa sababu.

Watetezi wa bunduki ya wenzo hupenda kumtaja Theodore Roosevelt. Ni kweli, mwaka 1909 rais huyo mstaafu wa Marekani alishuka Mombasa akiwa na Winchester ya mwaka 1895 yenye risasi ya .405, akaitumia kwa simba na kuisifu kwa moyo wote. Kinachosahaulika ni kwamba alipomkabili tembo kwenye miteremko ya Mlima Kenya, mkononi alikuwa na bunduki ya Kiingereza ya mitutu miwili ya Holland & Holland. Hata shabiki mkubwa kuliko wote wa bunduki ya wenzo aliiweka kando mbele ya tembo.

Wengine watasema basi tuchukue mtutu mkubwa zaidi. Huko nako mwindaji Frederick Selous amekwisha kufika. Katika miaka ya 1870, kusini mwa Afrika, aliwinda tembo kwa magobore makubwa yaliyorusha risasi yenye uzito wa karibu robo ya ratili. Yalimwua tembo, naam. Lakini baadaye aliandika kwamba anajuta kuyatumia, kwa sababu teke lake lilimharibia mishipa ya fahamu na kumpunguzia shabaha. Huyu ndiye aliyeuawa vitani Beho Beho, karibu na Rufiji, Januari 1917, na hifadhi yetu kubwa ikabeba jina lake. Mtu mgumu kama yule bunduki ilimfunza kuogopa kufyatua. Je, yule anayeshika bunduki mara mbili kwa mwaka?

Kinyume chake kabisa alikuwa W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, na nchi za jirani. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi ya milimita 7, ndogo kiasi kwamba leo hakuna anayeruhusiwa kumpigia tembo. Simsifu kwa idadi hiyo. Biashara ya pembe ilitumalizia tembo, na ingekuwa heri asingekuja. Ila alifanya jambo ambalo wenye mitutu mipana hawafanyi: alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, aweze kuulenga kutoka kila upande. Na alitumia vichwa vigumu visivyotanuka, vikazama hadi huko.

Sasa twende porini, kwa mtu ambaye jina lake haliandikwi kwenye picha za nyara. Nyati amepigwa vibaya jioni, ameingia kwenye majani marefu. Msoma nyayo anachuchumaa, anagusa jani kwa kidole. Damu nyekundu yenye povu humwambia mapafu, na moyo wake unatulia. Damu nzito iliyoiva humwambia ini. Akiona ute wa kijani wenye harufu ya kinyesi, anajua ni tumbo, na anajua kwamba mnyama atageuka, azunguke, na kusimama kando ya nyayo zake mwenyewe akimngoja. Msoma nyayo ndiye anayetangulia, macho chini. Mwenye bunduki yuko nyuma yake.

Giza likiingia, wanarudi kambini. Usiku ule hatari inahamia kwa mama anayechota maji na kwa kijana anayelinda mahindi. Serikali ina kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi kwa walioharibiwa mazao, waliojeruhiwa na waliofiwa kwa sababu ya wanyamapori. Kanuni hizo hazimrudishi baba wa mtu.

Wala mwenye gobore asijitenge na lawama hii. Anayeshindilia baruti ya ziada na vipande vya nondo akidhani wingi wa chuma utamsaidia ana imani ile ile ya mgeni mwenye Winchester, pamoja na kwamba anavunja sheria. Mnyama anaondoka na nondo ubavuni na kuoza akiwa hai, na yeyote atakayekutana naye atakutana na ghadhabu.

Kanuni zetu zinadai kaliba isiyopungua .375 kwa wanyama wakubwa walio hatari. Nia ni njema, lakini kipimo cha upana pekee kinampitisha mwenye risasi ya mwaka 1873 bila kumuuliza inazama kiasi gani, wala yeye mwenyewe analenga vipi. Naitaka Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori ipime pia uzito wa kichwa, aina yake na mwendo wake. Na kila anayeomba kumpiga nyati, awe mgeni au mkazi mwenye kibali, asimame mbele ya ofisa, miguu yake miwili chini bila kuegemea kitu, apige shabaha tatu kwenye duara lenye upana wa moyo wa nyati, kwa umbali wa mita 50. Akikosa hata moja, asipewe nyati mwaka huo, hata kama amekwisha kulipa. Wawindaji bingwa wengi tayari humtaka mgeni apige shabaha siku ya kwanza kambini. Kinachokosekana ni mamlaka ya kumwambia hapana aliyeshindwa, na mamlaka hayo lazima yaandikwe kwenye kanuni, kwa sababu mwajiriwa anayetegemea bahashishi ya mgeni hawezi kuyabeba peke yake.