Michezo ya Video katika Tiba ya Viungo: Somo kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha katika shule ya msingi huelezwa mapema kwamba mchezo ni njia mojawapo ya kujifunza. Huliandika jambo hilo katika daftari lake na hulirudia katika mtihani. Lakini akisha kufika shuleni na kukutana na mtoto ambaye mkono au mguu wake haufanyi kazi sawasawa, jambo hilo aghalabu husahauliwa. Kipindi cha michezo kinapowadia, mtoto huyo hukalishwa chini ya mwembe alinde nguo za wenzake, au hupewa kazi ya kuhesabu magoli. Mwalimu hufanya hivyo kwa huruma. Hata hivyo huruma ya namna hiyo humdhuru mtoto. Kiungo kisichotumiwa huzidi kudhoofika, na mtoto aliyezoeshwa kuketi huishia kuamini kwamba mahali pake ni pale pale chini ya mwembe.

Nia ya makala hii ni kulitazama tatizo hilo kwa kupitia mlango ambao huenda ukaonekana kuwa wa mbali, yaani matumizi ya michezo ya video katika tiba ya viungo. Rai yangu ni kwamba kinachomsaidia mgonjwa katika michezo hiyo si mashine, bali ni kanuni za mazoezi zilizomo ndani yake. Na kanuni hizo, tukizichunguza vizuri, ni kanuni za ualimu. Mwalimu aliyezielewa anaweza kuzitumia uwanjani mwake pasipo umeme wala runinga.

Jinsi michezo hiyo ilivyoingia katika tiba

Huduma za utengamao ni zile zinazomsaidia mtu aliyepungukiwa na uwezo wa viungo vyake aweze tena kujifanyia shughuli zake. Miongoni mwa wanaozihitaji wamo watu wazima waliopatwa na kiharusi na watoto waliopooza kwa sababu ya ubongo kupata madhara kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika utoto wao. Kwa watu hao, mazoezi ndiyo shule ya mwili. Ubongo hujifunza kuutawala mkono kwa kuurudia mwendo ule ule mara nyingi, kama vile mtoto anavyojifunza kuandika herufi.

Hapo ndipo penye ugumu, kwani kurudia kunachosha. Mwaka 2009 mtafiti Catherine Lang na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao wa vipindi 312 vya tiba ya wagonjwa wa kiharusi huko Amerika ya Kaskazini. Waliona kwamba pale mgonjwa alipofanyishwa kazi halisi ya mkono, wastani wa marudio ulikuwa 32 tu kwa kipindi. Katika majaribio yaliyofanywa kwa wanyama, marudio yalikuwa mamia. Mtu hawezi kunyoosha mkono mara mia kadhaa kwa sababu tu ameambiwa anyooshe. Lazima awe na jambo la kumvuta.

Mwaka 2006 kampuni ya Nintendo ya Japani ilianza kuuza mashine ya michezo iitwayo Wii. Mchezaji hushika kifaa kinachohisi mwendo wa mkono wake, na mchezaji aliyechorwa katika runinga hupiga mpira wa tenisi au hurusha ngumi kufuatana na mwendo huo. Baadaye ulitolewa ubao wa kusimamia, ambao huonyesha kama mtu ameegemea upande mmoja. Mwaka 2010 kampuni ya Microsoft ilitoa Kinect, ambayo huufuata mwili mzima kwa kamera bila mchezaji kushika kitu. Vifaa hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya burudani, lakini wataalamu wa tiba ya viungo waliona haraka kwamba mgonjwa anayecheza husahau kuhesabu uchovu. Mwaka 2008 jarida moja la fani hiyo la Marekani lilieleza habari za kijana mmoja mwenye kupooza kwa ubongo aliyefanyishwa mazoezi kwa Wii katika vipindi 11, tena katika mazingira ya shule. Mfano wa mtu mmoja hauthibitishi jambo, lakini ulionyesha kwamba njia inapitika.

Ushahidi unasemaje?

Kila kitu kipya hupata mashabiki kabla ya kupata ushahidi. Kwa bahati njema, katika jambo hili ushahidi ulitafutwa. Mwaka 2016 daktari Gustavo Saposnik wa Toronto, Kanada, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya jaribio lililofanyika katika vituo 14 vya Kanada, Argentina, Peru na Thailand. Wagonjwa 141 wa kiharusi waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Wote waliendelea na tiba yao ya kawaida, na juu ya tiba hiyo kila kundi lilipangiwa vipindi kumi vya saa moja moja kwa muda wa wiki mbili. Kundi la kwanza lilicheza Wii. Kundi la pili lilicheza karata, bingo, mpira, au mchezo wa kupanga na kuchomoa vipande vya mbao uitwao Jenga.

Matokeo yake yafaa kukumbukwa na kila mwalimu. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na mashine haikuushinda mchezo wa kawaida. Na ule mchezo wa vipande vya mbao, uliozinduliwa London mwaka 1983, una jina la Kiswahili. Mbunifu wake, Leslie Scott, alikulia Afrika ya Mashariki na akaliita kwa neno letu la kujenga.

Mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2017, yaliyojumlisha majaribio 72 na wagonjwa 2,470 wa kiharusi, yalielekea upande huo huo. Michezo ya namna hii haikuonekana kuwa bora kuliko tiba ya kawaida kwa ajili ya mkono; bali ilipoongezwa juu ya tiba, ikauzidisha muda wa mazoezi, ilionekana kuwa na faida. Kweli, ushahidi huu ni wa watu wazima, na mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Hata hivyo funzo lake la msingi liko wazi: wingi wa mazoezi yenye maana ndio wenye thamani, na chombo ni msaidizi.

Kanuni nne ambazo mwalimu anazijua

Kwanza, mchezo huwa na lengo linaloonekana. Mgonjwa haambiwi ainue mkono. Huambiwa aupige mpira. Pili, mchezo hutoa jibu papo hapo. Mtoto hujua mara moja kama amepata au amekosa, wala hangoji daftari lirudishwe baada ya wiki. Tatu, ugumu huongezwa hatua kwa hatua. Mchezo mwepesi mno hauna la kufundisha, na mgumu mno humvunja mtu moyo. Michezo ya madukani ilikuwa na kasoro hiyo, kwa kuwa kasi yake ilipangwa kwa ajili ya watu wenye afya. Ndiyo sababu wataalamu walianza kubuni ya kwao, inayoweza kupunguzwa kasi. Nne, mchezo huhesabu. Alama za leo hulinganishwa na za jana, na mtu hushindana na nafsi yake.

Lakini alama zaweza kudanganya. Katika Wii mtu aweza kuketi kitini, akatikisa kiwiko cha mkono tu, na bado runinga ikamsifu kwa pigo zuri. Alama zimepanda ilhali bega halikufanya kazi. Ni sawa na mwanafunzi aliyepata jibu sahihi la hesabu kwa kunakili. Kwa hiyo jicho la mtaalamu halina mbadala hospitalini, kama vile jicho la mwalimu lisivyo na mbadala darasani.

Mfano wa darasani

Tuchukue mtoto wa darasa la pili ambaye mkono wake wa kulia ni dhaifu, na mtaalamu wa viungo ameagiza azoeshwe kuufungua na kuupeleka mbele. Katika kipindi cha hisabati mwalimu awape watoto wote, wawili wawili, vizibo vya soda 20 na makopo mawili. Kila mtoto ahamishe vizibo kimoja kimoja kutoka kopo hili hadi lile, huku mwenzake akihesabu kwa sauti. Kisha avirudishe, akihesabu kinyumenyume. Mtoto wetu afanye kwa mkono wake wa kulia. Akienda na kurudi mara mbili, atakuwa ameshika na kuachia mara 80, na hakuna aliyemwita mgonjwa. Wiki ya kwanza kopo liwe karibu. Wiki ya pili lisogezwe. Baadaye vizibo vibadilishwe kwa mbegu ndogo. Mwalimu aandike idadi katika daftari.

Uwanjani vile vile hatukosi vitu. Mdako huzoeza vidole na jicho kwenda pamoja. Gololi huzoeza kulenga. Rede hudai mtu ageuke, ainame na kurejesha mizani ya mwili. Mtoto asiyeweza kukimbia apewe nafasi ya kurusha mpira, na mstari wake usogezwe karibu. Kanuni za mchezo zilitungwa na watu. Mwalimu anaweza kuzibadilisha kwa ajili ya watu.

Mipaka ya mwalimu

Haya hayamfanyi mwalimu kuwa tabibu. Ni wajibu wake kuwasiliana na wazazi na, kwa kupitia kwao, na mtaalamu wa viungo aliye karibu, ili ajue ni mwendo gani unaotakiwa na upi umekatazwa. Maumivu ni amri ya kusimama. Mkono mzima usifungwe ili kuulazimisha ule dhaifu, isipokuwa kwa maagizo ya mtaalamu. Na pale ambapo shule imebahatika kupata kompyuta au runinga, ikumbukwe kwamba baadhi ya watoto waliopooza kwa ubongo wana kifafa pia, na kwamba picha zinazomemeteka zaweza kuwaletea degedege baadhi ya wenye kifafa.

Wako watakaosema kwamba michezo ya video ni upuuzi wa matajiri usiotuhusu. Wako pia watakaosema kwamba tungoje mpaka mashine zifike. Wote wawili humwacha mtoto chini ya mwembe. Wii na Kinect zimekwisha kuacha kutengenezwa, na zitakazozifuata zitapitwa vile vile. Lakini lengo, jibu la papo hapo, hatua kwa hatua na kuhesabu havitapitwa. Haba na haba hujaza kibaba, na kizibo kwa kizibo hufungua kiganja. Mwanachuo anayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha muhula ujao na aandike katika andalio lake la somo la michezo jina la mtoto asiyecheza, kisha aandike mbele yake atacheza nini.